Usuli wa Mwandishi: Charles Dickens na Jarida Lake

Mwanafunzi, unajua kuwa taharuki ni kumwacha msomaji na hamu ya kujua litakalotokea. Lakini ukiulizwa mwandishi anaijengaje, wengi wenu huandika "sura inaishia pabaya", kisha kalamu inakwama. Tazama basi riwaya ambayo taharuki yake ilihusu pesa za mwandishi mwenyewe: Great Expectations ya Mwingereza Charles Dickens (1812–1870).

Dickens hakuwa mtunzi tu. Mwaka wa 1850 alianzisha jarida la kila wiki, Household Words, akawa mhariri wake. Baadaye alikosana na wachapishaji wake, na mwaka wa 1859 akaanzisha jingine, All the Year Round. Alimiliki robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa ya msaidizi wake, W. H. Wills. Nakala iliuzwa kwa peni 2.

Katika mwaka wa 1860 jarida hilo lilikuwa likichapisha A Day's Ride, riwaya ya Charles Lever. Wasomaji waliichoka na mauzo yakashuka. Wakati huo Dickens alikuwa na hadithi aliyonuia kuitoa kwa sehemu ndefu za kila mwezi. Akabadili mpango, akaigawa katika sehemu fupi za kila wiki ili aliokoe jarida. Ya kwanza ilitoka katika toleo la tarehe 1 Desemba 1860, na zote zilikuwa 36. Piga hesabu: 36 mara 2 ni peni 72, yaani shilingi 6 za wakati huo. Riwaya hiyo hiyo ikiwa kitabu cha majuzuu matatu iligharimu shilingi 31 na peni 6!

Sasa soma sehemu ya kwanza, yenye sura mbili. Pip, mtoto yatima, anakamatwa makaburini na mfungwa mtoro. Anaamriwa alete chakula na tupa ya kukatia pingu ya mguuni, la sivyo atang'olewa moyo na ini. Alfajiri ya Krismasi anaiba chakula cha dada yake, anachukua tupa ya shemeji yake Joe, mhunzi, na kutimua mbio kuelekea kwenye vinamasi vyenye ukungu. Sehemu inaishia hapo. Msomaji ana wiki nzima ya kusubiri.

Hakuna aliyekufa wala kufumaniwa. Kinachotushika ni dhamira ya mtoto: anamwogopa mfungwa, anamwogopa dada yake, na anamwibia Joe anayempenda. Taharuki imejengwa juu ya mhusika, si juu ya kishindo. Hoja ya namna hii ndiyo inayomridhisha mtahini.

Tahadhari: usiandike kwamba Dickens alilipwa kwa idadi ya maneno. Kosa hili limeenea mno. Katika jarida la wiki nafasi ilikuwa finyu, na alipoandika Hard Times mwaka wa 1854 alilalamika kuwa ilimbana.

Zoezi
Chagua sura tatu katika riwaya teule unayoisoma. Kwa kurejelea mwisho wa kila sura, eleza swali analoachiwa msomaji, na uonyeshe kama linatokana na tukio au na tabia ya mhusika. (alama 20)