Wasiwasi wa Mtihani Unapohamia Tumboni

Mtihani wa KCSE unapokaribia, malalamiko kuhusu tumbo huongezeka shuleni. Kuna mwanafunzi anayekimbilia msalani kabla ya kila jaribio, anayeshindwa kunywa uji wa asubuhi, na anayeshinda amejaa gesi. Wengi huambiwa wanadeka au wanakwepa masomo. Maumivu hayo ni ya kweli, hata pale chanzo chake kinapokuwa wasiwasi.

Kinachotokea mwilini

Ubongo na utumbo huwasiliana kupitia mishipa ya fahamu. Mtu akiwa na hofu, mwili hutoa homoni kama adrenalini. Chakula huchelewa kutoka tumboni, ilhali utumbo mpana huharakisha kazi yake. Ndiyo maana mtu huhisi kichefuchefu na kuharisha kwa wakati mmoja. Utumbo pia huwa mwepesi kuhisi, hata gesi ya kawaida ikauma.

Hofu inayozaa hofu

Tatizo hukua mwanafunzi anapoamini kwamba ana ugonjwa hatari. Husaka dalili kwenye simu, hujibonyeza tumbo na kuwauliza wenzake maswali yale yale. Hutulia kidogo, kisha shaka hurudi. Hofu hiyo huzidisha maumivu, naye huyachukua kuwa ushahidi kwamba kweli anaumwa.

Wengine huita kila maumivu ya tumbo "alsa" na kununua dawa kwa kubahatisha. Vidonda vya tumbo kwa kawaida husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori, au na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac. Hivyo, anayemeza dawa hizo ili kutuliza tumbo anaweza kujiletea kidonda ambacho hakuwa nacho.

Dalili zisizongoja

Mwanafunzi apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

• damu kwenye kinyesi, au kinyesi cheusi kama lami;
• kutapika damu, au kutapika mfululizo;
• kupungua uzito bila sababu;
• homa pamoja na maumivu makali ya tumbo;
• maumivu yanayomwamsha usiku mara kwa mara.

Hata bila dalili hizi, tumbo linalosumbua kwa wiki kadhaa linahitaji kuchunguzwa. Amueleze mhudumu ukweli wote, ikiwemo wasiwasi alio nao na dawa alizokwisha kumeza.

Baada ya uchunguzi

Daktari akithibitisha kwamba hakuna ugonjwa hatari, wakubaliane tarehe ya kurudi. Kabla ya siku hiyo, mwanafunzi aache kusaka dalili kwenye simu. Hofu ikimjia katikati ya masomo, aiandike kwenye daftari na kuitengea dakika 15 za jioni. Mara nyingi jioni ikifika, huwa imepungua makali.

Mambo mengine yanayosaidia:

• kula kwa wakati na kutafuna polepole, hasa githeri na maharagwe;
• kupunguza kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu;
• kulala vya kutosha badala ya kukesha na vitabu;
• kutembea au kucheza angalau nusu saa kila siku;
• kuvuta pumzi kwa pua akihesabu hadi 4, kisha kuitoa taratibu akihesabu hadi 6, kwa dakika 5.

Wajibu wa wazazi na walimu

Mzazi aulize jinsi mtoto alivyolala na anachohofia kabla ya kuuliza alama. Kumwambia "huna kitu" humfunga mdomo tu. Inafaa zaidi kumwambia kwamba maumivu yake yanaaminika, na kwamba yana njia ya kutulizwa. Mwalimu wa ushauri nasaha ahusishwe mapema, hasa mwanafunzi akianza kukosa masomo.

Mtoto aliyelemewa na mawazo anaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ili azungumze na mshauri.