Kabla Mwanao Hajapanda Ndege Peke Yake: Somo kwa Wazazi na Walezi

Baada ya baraza moja mjini Wote, baba mmoja kutoka upande wa Kibwezi alinivuta kando. Kijana wake ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne, na amepata nafasi ya kuendelea na masomo katika shule ya bweni nchini Afrika Kusini. Karo imelipwa na wafadhili. Tiketi ni ya mtu mmoja. Baba mwenyewe hajawahi kupanda ndege. "Kuhusu masomo sina wasiwasi," akaniambia. "Ninachotaka kujua ni hiki: nikimwacha pale Embakasi, atafika?"

Hakuna fomu ya serikali inayojibu swali hilo. Mzazi ndiye anayelijibu, na hujibu vizuri zaidi akiwa amempima mwanawe mapema. Somo hili linaeleza namna ya kumpima, karatasi zinazohitajika, na safari ambazo hazifai kuruhusiwa hata kama kijana ni hodari.

Umri na alama havitoshi

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini busara ya safari haiji siku ya kutimiza miaka 18. Wako wa miaka 16 wanaojiendesha vizuri, na wako wa miaka 20 wanaopotea kati ya Machakos na Nairobi.

Historia yetu inatupa funzo. Mwezi Septemba 1959, wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, akiwa na miaka 20. Wengi wao hawakuwa wameona ndege kwa karibu. Hata hivyo walisafiri kwa makundi, na kila mmoja alikuwa na chuo kilichomngoja. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli, lakini haukuachwa peke yake.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni kutunza vitu. Mpe kijana cheti chake cha kuzaliwa na pesa kidogo akae navyo wiki mbili. Usimkumbushe. Siku ya mwisho mwambie avilete. Akianza kupekua chini ya godoro na kwenye begi la shule, bado hajafika.

La pili ni kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini vijana wengi huona haya. Mtume katika ofisi asiyoijua, kwa mfano Huduma Centre, arudi na maelezo kamili: karatasi zipi, ada gani, siku gani. Kiwanja cha ndege ni mahali pa kuuliza kuanzia mlangoni.

La tatu ni kutulia mambo yakiharibika. Ndege huchelewa. Lango la kuondokea hubadilishwa. Begi halitokei kwenye mkanda. Mtazame mwanao siku matatu ilipoharibika njiani: alikaa akilia, aligombana na utingo, au alitafuta njia nyingine na kupiga simu nyumbani?

La nne, ambalo wazazi wengi husahau, ni kukataa. Tumewafundisha watoto wetu kumtii kila mtu mzima. Ni malezi mema, ila safarini yanaweza kumponza mtoto. Kijana lazima aweze kumwambia mtu mzima "hapana" anapoombwa abebe mfuko usio wake, aonyeshe pasipoti kwa asiye afisa, au aingie gari la mtu asiyemjua. Zoezini jambo hili nyumbani, kwa maneno, mpaka lisiwe geni kinywani mwake.

Jaribio la treni

Kwa bahati nzuri, tuna kiwanja cha mazoezi mlangoni petu. Treni ya abiria ya SGR inayosimama katika vituo vya kati husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei ikielekea Mombasa. Majirani zetu wa Kitui Kusini hufika Kibwezi kwa barabara ya Kitui, Mutomo hadi Kibwezi.

Mwache kijana akate tiketi mwenyewe, abebe kitambulisho au cheti chake cha kuzaliwa, afike mapema, atafute behewa na kiti, kisha apokelewe Mombasa na jamaa mnayemwamini. Wakati wa kurudi, katika kituo cha Mombasa, mizigo huwekwa chini inuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine. Atapanga foleni, ataonyesha karatasi, atasikiliza matangazo. Mambo hayo ndiyo atakayokutana nayo katika kiwanja cha ndege. Akikosea, amekosea akiwa Kenya, ambako kosa hurekebishwa kwa simu moja na nauli ndogo.

Karatasi zisizokosekana

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na ombi la mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Anzeni mapema. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na muda wa miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha.

Nchi anakokwenda nayo ina masharti yake. Afrika Kusini, kwa mfano, ilianza mwezi Juni 2015 kutekeleza kanuni maalum za watoto wanaovuka mipaka yake. Mtoto anayesafiri bila wazazi hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa, barua au hati ya kiapo ya wazazi kuonyesha wameridhia, barua ya atakayempokea yenye anwani na simu, pamoja na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mtu huyo. Thibitisheni masharti ya wakati huo kwa ubalozi wa nchi husika. Maneno ya jirani aliyesafiri zamani hayatoshi.

Chanjo ya homa ya manjano isiachwe hadi wiki ya mwisho. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hutumika maisha yote.

Waulizeni pia wenye ndege. Mashirika mengi yana huduma ya kumsindikiza mtoto asiye na mzazi. Kwa kawaida ni ya lazima kwa watoto wadogo, wa miaka 5 hadi 11, na kwa wakubwa kidogo mzazi anaweza kuiomba kwa malipo. Kila shirika lina kanuni zake. Na kama pesa zinaruhusu, chagueni ndege isiyopitia nchi nyingine. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg moja kwa moja ni kama saa nne, na mtoto hana mahali pa kupotelea katikati.

Kuhusu mzigo, akina mwaitu mtanisamehe. Asali ya Mwingi ni tamu, na maembe yetu yanajulikana mbali, lakini msiyafungashe. Asali huhesabiwa kuwa kimiminika, na katika mzigo wa mkononi chombo kisichozidi mililita 100 ndicho kinachoruhusiwa kwa kawaida. Matunda mabichi, mbegu, nyama na asali huzuiwa na nchi nyingi kwa hofu ya wadudu na magonjwa. Mkulima wa Makueni anayepambana na nzi wa maembe anaelewa hofu hiyo. Mtoto asianze safari akihojiwa kwa sababu ya zawadi.

Safari isiyofaa hata kwa kijana hodari

Ziko safari ambazo jibu lake ni hapana. Kama kijana wa chini ya miaka 18 ameahidiwa kazi ya nyumbani Ghuba, au kazi ya kompyuta Asia yenye mshahara mnono bila usaili wa maana, simameni. Kama wakala anataka umri uongezwe kwenye stakabadhi, anashika pasipoti, au anasema "msimwambie mtu mpaka afike", hiyo si nafasi. Ni mtego.

Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inamlinda mtoto hata kama mzazi au mtoto mwenyewe alikubali. Adhabu kwa mlanguzi ni kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwa aliyetimiza miaka 18 na anakwenda kazini, hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkiwa na shaka kuhusu mtoto, pigeni simu 116 bila malipo, au mfikieni chifu au afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu.

Nani anangoja upande wa pili?

Swali la mwisho halimhusu kijana. Linamhusu atakayempokea. Mzungumzeni naye kwa simu ya video kabla ya safari, mjue uso wake, anakoishi na namba yake ya pili. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi ndani ya pasipoti, kwa sababu simu huzimika. Kubalianeni pia neno moja la siri la familia: anayesema ametumwa kumchukua mtoto na halijui neno hilo, aende zake.

Baba yule wa Kibwezi alinipigia simu baadaye. Kijana alikuwa ameenda Mombasa kwa treni na kurudi. Simu yake ilizimika njiani, akaazima ya mama aliyeketi karibu naye, lakini hakuwa amekariri namba yoyote isipokuwa ya nyumbani. Baba alicheka, kisha akanyamaza kidogo. "Atakwenda," akasema. "Lakini kwanza atakariri namba tatu, na shule itaniandikia jina la dereva atakayekuja kumchukua." Hakuwa na uhakika kamili, na hakuna mzazi anayeupata. Alikuwa amejua mwanawe anaweza nini na bado hawezi nini, na alichopungukiwa kijana alimtafutia.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Simu yako ikizimika leo, unazikumbuka namba ngapi?
2. Mtu mwenye adabu akikuomba umbebee mfuko, utamjibu kwa maneno gani?
3. Ndege ikichelewa hadi kesho, utamuuliza nani, na utalala wapi?
4. Sisi wazazi, tumeshazungumza na atakayempokea, au tumeambiwa tu kwamba yupo?