Mafunzo Niliyopata kwa Danya, Bingwa wa Sataranji ya Kasi

Daniel Naroditsky, grandimasta wa Marekani ambaye mashabiki walimwita Danya, alifariki Oktoba 2025 mjini Charlotte akiwa na umri wa miaka 29. Agosti ya mwaka huohuo alikuwa ametwaa ubingwa wa Marekani wa blitzi, sataranji ya dakika chache, kwa kushinda michezo yote 14. Katika buleti, ambapo kila mchezaji hupewa dakika moja tu kwa mchezo mzima, alikuwa miongoni mwa wakali wa mtandaoni waliohofiwa zaidi duniani. Mimi hufundisha vijana sataranji mtaani kwetu Mwanza, na karibu wote huchezea kwenye simu. Video zake zimetufaa kuliko kitu kingine chochote. Haya ndiyo niliyojifunza kwake.

1. Kasi huandaliwa polepole

Ukimtazama Danya akicheza buleti, utadhani mkono unaitangulia akili. Sivyo. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa dunia wa watoto wa chini ya miaka 12. Kitabu chake cha kwanza, Mastering Positional Chess, kilitoka 2010 akiwa kijana wa miaka 14, na cha pili, cha 2012, kilihusu namna ya kumalizia mchezo kete zikiwa zimepungua.

Elimu hiyo ndiyo inayookoa sekunde. Tuseme umebaki na ngome na askari mmoja asiye wa pembeni, mpinzani ana ngome peke yake. Askari wako yuko mstari wa saba, mfalme wako yuko mbele yake kwenye mstari wa mwisho, na ngome yako imemzuia mfalme wa mpinzani asisogee karibu. Asiyejua atahangaishwa na cheki mpaka saa imwishie. Anayejua hupeleka ngome mstari wa nne, kisha humtoa mfalme. Cheki zikimfuata, ngome inaingia katikati kumkinga, na askari anageuka malkia. Kwa aliyejifunza, sekunde kumi zinatosha.

2. Saa nayo ni kete

Dakika moja ukiigawa kwa hatua 40, kila hatua inapata sekunde moja na nusu. Ukitumia sekunde 15 kwenye hatua ya sita, umetoa robo ya mali yako mchezo haujaiva. Kwenye buleti hatua nzuri inayochezwa sasa hivi huishinda hatua bora inayochelewa, hasa ikimwachia mpinzani swali la kujibu.

Kuna jambo la ziada kwetu tunaotegemea data ya simu: mtandao ukiyumba, saa haikusubiri. Ndiyo maana huwashauri vijana wacheze dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua. Nyongeza hiyo humpa nafasi mwenye mtandao dhaifu kushinda kwa akili yake.

3. Agiza hatua mapema, lakini ujue lini

Mtandaoni unaweza kuagiza hatua yako kabla mpinzani hajacheza. Kwenye tovuti ya Chess.com hatua ya namna hiyo hukatwa sehemu ya kumi tu ya sekunde; kwenye tovuti ya Lichess haikatwi kitu. Buleti haichezeki bila ujuzi huu.

Agizo salama ni la kulipiza. Farasi wako akitishiwa na askari wako anamlinda, agiza askari huyo apige kwenye mraba uleule. Farasi akiliwa, umelipiza papo hapo. Asipoliwa, agizo linafutika lenyewe, kwa kuwa huwezi kula kete yako. Agizo la hatari ni la kumpeleka malkia kwenye mraba mtupu. Mpinzani mjanja anaweza kuuwekea mraba huo mtego, na malkia wako ataingia mwenyewe.

4. Sema unachofikiri

Wengi walimpenda Danya kwa mfululizo wa video alioanza na akaunti mpya ya alama za chini, akapanda ngazi kwa ngazi huku akieleza sababu ya kila hatua. Hakumdharau mpinzani wa ngazi yoyote, na baada ya mchezo alirudi nyuma kuuchambua.

Nimeichukua njia hiyo. Kabla kijana hajagusa kete, namtaka aseme kwa sauti: mpinzani anataka nini? Swali hili limewasaidia vijana wangu kuliko kukariri funguzi nyingi. Anayezoea kuliuliza katika mchezo wa nusu saa huja kulijibu bila kujisemesha katika mchezo wa dakika moja.

5. Buleti si shule

Buleti inapima ulichonacho; haikuongezei sana. Danya alipata ugrandimasta mwaka 2013 kwa mashindano ya ana kwa ana, yenye michezo ya saa nyingi. Kijana anayecheza buleti usiku kucha bila kuchambua mchezo hata mmoja anarudia makosa yaleyale kwa kasi zaidi. Cheza mchezo mrefu, uchambue, kisha nenda kwenye kasi ukajipime.

6. Usimwite mtu mwizi bila ushahidi

Katika mwaka wake wa mwisho, Danya alituhumiwa hadharani kuwa anadanganya mtandaoni. Alikana, na hakuna aliyethibitisha tuhuma hizo. Mwenyewe alieleza jinsi zilivyomuumiza.

Wadanganyifu wapo, na tovuti zina watu na programu za kuwachunguza. Ukimshuku mpinzani, bonyeza kitufe cha kuripoti, uwaachie wenye kazi hiyo. Kumtangaza mtu kwa sababu tu amekushinda ni dhuluma, na katika mchezo huu jina ndilo analojenga mtu kwa miaka mingi.

Kwako kijana unayetaka kasi kama ya Danya: Lichess ni bure na haina matangazo, na video za Danya bado zipo. Tazama moja leo, isimamishe kila mara kabla hajacheza, useme hatua yako na sababu yake. Kisha cheza mchezo mmoja mrefu na uuchambue mpaka mwisho. Fanya hivyo kila wiki, na kasi utaipata.