Meno Bandia Kamili na Jaribio la Matamshi: Nafasi ya Sauti za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Meno bandia kamili ni kifaa kinachochukua nafasi ya meno yote ya taya moja au ya mataya yote mawili. Wanafunzi wa udaktari wa meno hufundishwa dhana tatu za msingi: mhimili, mshiko na uthabiti. Makala haya yanaeleza dhana hizo, kisha yanaonyesha kwamba kigezo kingine muhimu, yaani matamshi, hakiwezi kutafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza.

2.0 Dhana za Msingi

Mhimili ni uwezo wa ufizi na mfupa ulio chini yake kupokea nguvu zinazokikandamiza kifaa wakati wa kutafuna. Mshiko ni uwezo wa kifaa kutobanduka. Hutegemea utando mwembamba wa mate, pamoja na kingo zinazozuia hewa kupenya. Uthabiti ni uwezo wa kifaa kutoyumba kuelekea pembeni. Kifaa cha juu hushika vizuri zaidi kwa kuwa kaakaa hukipa eneo pana. Kile cha chini hakina eneo hilo, na aghalabu husukumwa na ulimi.

Aidha, taya linapopumzika, meno ya juu na ya chini huachana kwa takriban milimita 2 hadi 4. Nafasi hiyo ikikosekana, misuli huchoka na ufizi huumia.

3.0 Sauti kama Kipimo

Mwaka 1953, Meyer Silverman alichapisha njia ya kupima kimo cha meno kwa matamshi. Katika kutamka /s/, meno hukaribiana mno bila kugusana. Yakigongana, huenda kimo kimezidi. Katika /f/ na /v/, ncha za meno ya mbele ya juu hugusa mdomo wa chini. Katika /th/ na /dh/, ncha ya ulimi hujitokeza kidogo baina ya meno.

Kwa desturi, mgonjwa anayesema Kiingereza huombwa ahesabu kuanzia 50 ili sauti /f/ isikike, na kuanzia 60 ili /s/ isikike. Jaribio la pili halipotezi kitu katika Kiswahili: "sitini na sita" ina /s/ mbili. Lakini "hamsini" haina /f/ hata moja. Anayetafsiri namba hupoteza sauti aliyokusudia kuipima. Yafaa zaidi kutumia jozi zinazotofautiana kwa sauti moja tu, kama vile "faa" na "vaa", au "fua" na "vua".

Kwa /th/ na /dh/, maneno "thelathini" na "dhahabu" yanafaa, ila kwa tahadhari. Baadhi ya wazungumzaji, kwa athari ya lugha zao za kwanza, husema "selasini" na "zahabu" hata wakiwa na meno yao ya asili. Daktari asiyelijua hilo aweza kuyasogeza meno yaliyopangwa sawasawa, na hivyo kumharibia mgonjwa kifaa kisichokuwa na kasoro. Basi ni sharti matamshi ya awali ya mgonjwa yachunguzwe kwanza.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba kinachopaswa kuhamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine ni lengo la jaribio, wala si maneno yake. Hapa ndipo mwanaisimu na daktari wa meno wanapohitajiana.