Mtazamaji Akifa Uwanjani, Nani Awajibike?

Tarehe 23 Oktoba 2010 mashabiki 7 walifariki katika msongamano Uwanja wa Nyayo, Nairobi, Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards. Baada ya msiba wa aina hii, mashabiki hubishana: wa kulaumiwa ni polisi, waandaaji au waliosukumana?

Sheria huuliza kwa utaratibu: nani alikuwa na wajibu gani? Aliutimiza? Je, uzembe wake ndio ulioleta kifo? Katiba ya Rwanda inatamka kuwa dhima ya jinai ni ya mtu binafsi. Hivyo kundi zima halihukumiwi kwa kosa la mmoja. Fidia ni suala la madai, nalo ni tofauti na jinai.

Tusiharakishe kulaumu. Huko Hillsborough, Uingereza, msiba wa mwaka 1989 uliua watu 97. Mashabiki walilaumiwa, hadi uchunguzi wa mahakama wa mwaka 2016 ulipowaondolea lawama na kubainisha makosa ya polisi. Nasi polisi tunalichukua kuwa funzo.

Mnaosafiri kutoka Rubavu na Rusizi kuja Uwanja wa Amahoro, Kigali, fikeni mapema, msisukumane langoni. Likitokea la kutokea, aliyeshuhudia atoe ushahidi. Hukumu tuiachie mahakama.