Somo: Herufi Moja Katika Damu



Tuseme mwenye shamba yuko mjini, naye ampelekea msimamizi wake barua: "Kesho chumeni karafuu za upande wa kusini." Kalamu ikateleza, ikaandikwa o mahali pa u. Msimamizi asoma, "Kesho chomeni karafuu." Herufi moja tu, na mali ya msimu mzima yaweza kuwa moshi. Msimamizi mwenye akili atacheka, kisha atauliza. Lakini chembe za mwili haziulizi. Hutenda kama zilivyoandikiwa.

Kila mmoja wetu amerithi maandishi kwa wazazi wake, nayo yamo ndani ya chembe za mwili. Yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu waziita A, T, G na C. Sehemu yenye agizo la kutengeneza protini fulani huitwa jeni. Na protini si ile ya samaki na kunde tu. Hata wekundu wa damu ni protini, jina lake hemoglobini, mchukuzi wa oksijeni kutoka mapafuni. Chembe husoma maandishi hayo herufi tatu tatu, na kila tatu ni agizo la kutunga punje moja, iitwayo asidi amino, kama mtu atungavyo tasbihi.

Hemoglobini ina nyuzi nne, mbili za namna moja na mbili za namna nyingine. Uzi uitwao beta una punje 146. Punje ya sita huagizwa kwa herufi GAG. Kwa watu wengine ile A ya katikati imekuwa T, ikasomeka GTG, na badala ya punje ya glutamiki imetungwa ya valini. Nyingine zote 145 ziko vile vile.

Je, punje moja yaweza kudhuru nini? Glutamiki yapatana na maji. Valini huyakimbia, kama yafanyavyo mafuta ya makonyo. Hemoglobini ikiisha kutua mzigo wake wa oksijeni, ile valini huing'ang'ania hemoglobini ya jirani, nayo ikashikwa na nyingine, mpaka zikafanya fito ndefu ngumu ndani ya chembe nyekundu. Chembe iliyokuwa duara na laini hupinda kama mundu. Hukwama katika mishipa myembamba, na hapo ndipo mtoto huyu hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Tena hufa upesi: chembe nzima huishi yapata siku 120, hii ya mundu siku 10 hadi 20. Kwa hiyo damu hupungua na macho huwa manjano.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo, alizoziona katika damu ya mwanafunzi aliyetoka Grenada, kisiwa cha wakulima wa kungumanga, wenzetu wa viungo. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe wakaonyesha kuwa kosa limo katika hemoglobini yenyewe. Na mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaitaja punje iliyobadilika.

Sasa tuje nyumbani. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida haumwi. Hupanda mkarafuu na kushuka kama wenzake, asijue. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye nakala mbili, naye ndiye mgonjwa. Kila mimba, nasema. Si kwamba akiugua mmoja watatu wafuatao wamesalimika. Basi mume amwambiaye mkewe "ugonjwa huu umetoka kwenu" hajui asemalo, kwani bila ya nakala yake yeye mtoto asingeugua hivi. Wala si husuda ya jirani.

Mbona herufi hii imeenea kwetu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kuwa wenye nakala moja ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana milimani. Mwaka 1954 alieleza sababu: nakala moja humkinga mtoto na malaria kali. Visiwani mwetu malaria imepungua sana, lakini herufi imebaki.

Mchanga wa miezi ya kwanza huonekana mzima, maana bado atumia hemoglobini ya tumboni, yenye jeni nyingine. Baadaye vidole vya mikono na miguu huvimba, na wengi hudhani ni baridi. Apelekwe akapimwe damu. Akijulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga, na zipo dawa, kama haidroksiurea, zipunguzazo maumivu. Alale ndani ya chandarua, maana mwenye nakala mbili malaria humwonea zaidi. Anywe maji kwa wingi. Na akishikwa na homa usiku, asingojewe asubuhi. Vijana wanaoposana nao wapimwe kabla ya mahari kutajwa, wakati bado hakuna wa kulaumiwa.