Kabla ya Kumlipa Mtengenezaji wa Tovuti

Mama yangu anaishi Umoja. Mwaka jana alihitaji mlango wa chuma wa jikoni, nami nikamtafutia kwa simu. Nilipata tovuti nzuri yenye picha safi na bei zilizoandikwa wazi, nikaagiza. Siku ya kufunga mlango alikuja fundi na kijana wake wa mkono. Mama aliwapa chai, akamuuliza fundi karakana yake iko wapi.

"Mama, mimi niko hapa tu Kariobangi Light," akajibu. "Mwenye hiyo tovuti hata nyundo hana. Ananipigia simu, natengeneza, ananilipa."

Tulipolinganisha hesabu, karibu theluthi moja ya pesa tulizotoa haikumfikia aliyechomelea mlango ule. Dalali hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho fundi hakuwa nacho: mahali pa kuonekana mteja anapotafuta.

Somo la toleo hili linawalenga mafundi, washonaji, wauzaji wa mitumba, wapishi wa sherehe na wenye maduka wa Eastlands, kuanzia Gikomba na Kamukunji hadi Kayole na Dandora. Tutaeleza jinsi ya kupanga tovuti ya biashara ndogo na jinsi ya kuitangaza, ili pesa utakazotumia zirudi.

Kwa nini tovuti, na WhatsApp ipo?

Wengi wetu tunauza kupitia WhatsApp, Facebook na TikTok, na ni vyema tuendelee. Lakini huko sisi ni wapangaji. Jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na njia hizo pekee hakuweza kupokea oda hata moja.

Tovuti za bure nazo zina mwenyewe. Kwa miaka kadhaa Google iliwawezesha wenye biashara kutengeneza tovuti ndogo bila malipo kupitia wasifu wao wa biashara. Mwezi Machi 2024 huduma hiyo ilifungwa. Waliokuwa wamechapisha anwani hizo kwenye kadi na mabango walilazimika kuanza upya.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi wa Eastlands tunaijua kwa machungu. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi. Moto wa usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mali na nafasi zao. Baada ya moto, au baada ya kuhamishwa kupisha barabara, mteja wa miaka mingi hufika akakuta pengo. Hajui umehamia wapi. Anwani ya tovuti iliyo mali yako haiungui wala haihamishwi. Unabadilisha maelezo ya mahali ulipo, na mteja anakufuata.

Hatua ya kwanza: chukua daftari

Usianze kwa kumtafuta mtengenezaji. Anza na daftari na kalamu. Andika maswali ambayo wateja wako huuliza kwa simu kila wiki. Kwa fundi wa milango, huenda yakawa haya:

1. Unatengeneza nini hasa?
2. Bei inaanzia ngapi?
3. Inachukua siku ngapi?
4. Uko wapi, na nikishuka stejini nielekee upande gani?
5. Nikitoa pesa za kwanza, nitajuaje hutapotea nazo?

Majibu ya maswali hayo ndiyo tovuti yako. Biashara ndogo haihitaji kurasa ishirini. Mara nyingi kurasa tatu au nne zinatosha: ukurasa wa mwanzo, kazi na bei, mahali ulipo, na namna ya kuagiza. Historia ndefu ya biashara na picha za kununuliwa za watu wanaopeana mikono kwenye ofisi za vioo hazimsaidii mama wa Umoja anayetaka mlango.

Kuhusu bei, wengi huogopa kuiandika wakidhani jirani ataiona. Jirani tayari anaijua. Ikiwa bei hubadilika kulingana na vipimo na bei ya chuma, andika inapoanzia na sababu zinazoipandisha. Mteja asiyeona bei hudhani ni kubwa, naye huenda kwa mwingine.

Swali la tano ndilo zito kuliko yote. Wanairobi wengi wametapeliwa mtandaoni, na wana haki ya kuogopa. Weka picha za kazi ulizofanya mwenyewe, pamoja na picha ya karakana ikiwa na bango lake. Hakikisha kwamba jina linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa mteja anapolipa ni lile lile lililo kwenye tovuti. Jina la biashara likiwa moja na jina la Till likiwa jingine, mteja mwangalifu atasita. Ikiwa bado hujasajili jina la biashara, unaweza kufanya hivyo kupitia eCitizen, kwenye huduma za usajili wa biashara.

Hatua ya pili: miliki anwani kwa jina lako

Anwani zote zinazoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KENIC. Biashara nyingi hutumia .co.ke, na tangu 2017 unaweza pia kusajili jina linaloishia kwa .ke peke yake. Huisajili moja kwa moja KENIC. Unakwenda kwa kampuni iliyoidhinishwa kusajili, na orodha ya kampuni hizo iko kwenye tovuti ya KENIC. Ada hulipwa kila mwaka.

Chagua jina fupi ambalo mtu anaweza kuliandika baada ya kulisikia mara moja kwenye matatu yenye muziki. Likihitaji kuelezwa herufi moja moja, tafuta jingine.

Hapa ndipo wengi huumia. Mwenye duka humpa kijana wa mtaa pesa amtengenezee tovuti. Kijana anasajili anwani kwa jina lake na baruapepe yake. Mwaka unapita, wanakosana au kijana anahamia mjini kwingine, ada hailipwi, tovuti inatoweka. Mwenye duka akienda kuuliza, anaambiwa kwamba kwenye rekodi yeye si mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi mambo manne:

• Anwani isajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa baruapepe na nambari yako ya simu.
• Upewe nywila za akaunti ya anwani na za nafasi ambamo tovuti imehifadhiwa.
• Uonyeshwe jinsi ya kubadilisha bei na picha wewe mwenyewe, bila kumwita.
• Ujue gharama ya mwaka wa pili, si ya mwaka wa kwanza tu.

Jambo hilo la nne lina historia yake nchini. Mwaka 2011 Google ilianzisha mpango ulioitwa Getting Kenyan Businesses Online, uliowapa wafanyabiashara wadogo tovuti na anwani ya .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Ulikuwa mlango mzuri wa kuingilia, lakini mwaka ukiisha ilibidi mtu alipe ili abaki na anwani yake. Kila ofa ya namna hiyo, hata leo, iulize swali moja: baada ya miezi 12, nani atalipa na kiasi gani? Andika tarehe ya kulipa kwenye kalenda ya ukutani, pale pale unapoandika tarehe ya kodi ya nyumba.

Hatua ya tatu: iwe nyepesi

Mteja wako anatumia simu, na bando analinunua kwa shilingi zake. Picha moja kutoka kwa simu ya kisasa inaweza kufika MB 4. Ukiweka kumi kama zilivyo, umemtwika mteja MB 40 kabla hajaona bei. Mwambie mtengenezaji apunguze kila picha iwe chini ya KB 200. Kwenye kioo cha simu tofauti haitaonekana.

Jaribu tovuti yako kwa simu ya bei nafuu ukiwa stejini, wala si kwa kompyuta ya mtengenezaji yenye WiFi. Ikichukua muda wa kutafuna andazi zima kufunguka, bado haijawa tayari. Hakikisha pia kwamba mteja akigusa nambari ya simu, inapiga moja kwa moja, na kwamba anwani inaanza na https, ishara kwamba mawasiliano yake yamefichwa yasisomwe njiani.

Maelezo ya mahali yaandike kama unavyomwelekeza mtu kwa mdomo. "Nairobi, Kenya" hayamfikishi mtu popote. Taja barabara, steji, na kitu ambacho kila mtu anakijua: kanisa, kituo cha mafuta, shule. Kisha weka alama ya karakana yako kwenye ramani ya Google. Kujisajili huko ni bure, na ndiyo njia rahisi zaidi ya kuonekana mtu anapotafuta "fundi wa milango Kariobangi".

Hatua ya nne: itangaze pale wateja walipo

Tovuti isiyotangazwa ni kama kibanda kilichofunguliwa ndani ya ua wa nyumba. Habari njema ni kwamba matangazo bora ya biashara ndogo hayahitaji pesa nyingi.

Weka anwani kwenye kila kitu kinachotoka mikononi mwako: risiti, mfuko, bango la Till, mgongo wa aproni. Mafundi wa Kamukunji hutengeneza masanduku ya bati, majiko na karai zinazosafiri hadi kaunti za mbali. Sanduku lenye anwani iliyopakwa rangi ndani ya kifuniko litafunguliwa kila siku bwenini, mbele ya wanafunzi ambao wana wadogo zao nyumbani.

Tumia WhatsApp na Facebook kuwaleta watu kwenye tovuti. Badala ya kutuma picha ishirini kwa kila anayeuliza bei, mtumie kiungo cha ukurasa wa bei. Vikundi vya chama, vya wapangaji na vya wazazi wa shule vina nguvu kuliko bango la barabarani, mradi uombe ruhusa ya msimamizi na usiwachoshe watu.

Panga matangazo kwa msimu. Muuza masanduku atangaze Novemba na Desemba, kabla ya pilkapilka za Januari. Mshonaji wa sare afanye vivyo hivyo. Fundi wa mabati na mifereji atangaze kabla ya mvua za Machi, si baada ya nyumba kuvuja.

Mteja akiridhika, mwombe aandike maoni yake kwenye ramani ya Google siku hiyo hiyo, kazi ikiwa bado inang'aa. Usinunue maoni ya uongo. Wateja huyatambua, na yakitambuliwa, hata yale ya kweli hayaaminiki tena.

Jambo moja la kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uwe na idhini ya mteja kabla ya kutumia nambari yake kumtumia matangazo. Nambari iliyoingia kwenye simu yako kwa sababu ya malipo haijawa ya kutumiwa hivyo. Muulize, na akikataa, heshima. Usiweke pia picha ya nyumba au mtoto wa mteja bila ruhusa yake.

Hatua ya tano: hesabu

Rudi kwenye lile daftari. Kila mteja mpya akija, muulize, "Umetujulia wapi?" Chora mistari minne: tovuti, ramani, WhatsApp, rafiki. Tia alama moja kwa kila mteja. Baada ya miezi mitatu utajua pesa yako inafanya kazi wapi. Alama za tovuti zikiwa chache, usikimbilie kuilaumu. Angalia kwanza kama bei ni za sasa, kama simu inapokelewa, na kama umeitangaza kweli.

Zoezi la mwezi huu

Kabla ya toleo lijalo, fanya mambo matatu. Andika maswali matano ya wateja wako na majibu yake. Piga picha sita za kazi zako kwenye mwanga wa asubuhi. Tafuta majina mawili ya anwani na uwatajie watu watatu kwa mdomo, uone kama wataweza kuyaandika bila kukosea. Ukihitaji mahali patulivu pa kuketi na kuandika, maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara ziko karibu nawe.

Ukimaliza, ndipo umwite mtengenezaji. Utakuwa unajua unachonunua.

Fundi aliyemfungia mama mlango nilimwachia karatasi yenye maswali matano yale yale. Alilikunja, akaliweka kwenye mfuko wa shati, akasema, "Nitajaza." Mama tayari ana kazi nyingine ya kumpa, geti la nyuma. Safari hii atampigia simu yeye mwenyewe.